Kujidunga sindano ya msuli kwa usalama: mwongozo kwa watunisha misuli

Kijana aliyelala kifudifudi kwenye kitanda cha chumba cha vidonda alikuwa na mgongo uliochongeka na mabega yaliyojaa, lakini tako lake la kulia lilikuwa limevimba na kukaza kama ngozi ya ngoma, na joto lake nililisikia kiganjani kabla hata sijaligusa. Alikuwa amejidunga siku nane kabla, katika chumba cha kubadilishia nguo, kwa sindano ileile aliyovutia dawa, ambayo aliilaza juu ya benchi bila kifuniko wakati anatafuta pamba, kisha akaiokota na kuichoma. Daktari alipopasua, usaha uliotoka ungeweza kujaza kikombe, na kwa majuma kadhaa baadaye kazi yangu ilikuwa kulisafisha shimo lile na kulijaza shashi hadi nyama ilipoota upya kutoka chini. Hakukosea mahali pa kuchoma, wala hakukosea kipimo. Alikosea katika nusu dakika ile ya kutafuta pamba.

Naandika mwongozo huu kwa ajili ya nusu dakika za namna hiyo, kwa sababu madhara mengi ninayoyaona kwa wanaojidunga huzaliwa kabla sindano haijagusa ngozi. Namwandikia mtu aliyeandikiwa homoni na daktari na kuambiwa ajidunge nyumbani, na namwandikia pia yule aliyekwisha kuamua kutumia steroidi, yaani homoni za kukuza misuli, bila daktari, ambaye hataacha kwa sababu ya kukaripiwa lakini anaweza kuokoka kwa kuelekezwa. Huyo wa pili sitamdanganya: usafi wa sindano huzuia jipu, homa ya ini na kuumia kwa neva, lakini hauzuii kile ambacho dawa yenyewe hufanya mwilini. Steroidi huzimisha utengenezaji wa testosteroni kwenye korodani, huongeza wingi wa chembe nyekundu hadi damu ikawa nzito, huharibu uwiano wa lehemu (kolesteroli), hupandisha shinikizo la damu na hunenepesha kuta za moyo, na yote hayo huendelea hata kama kila sindano imechomwa kwa ustadi wa muuguzi mzoefu. Ndiyo maana kupima shinikizo la damu, damu nzima, lehemu, ini na figo ni sehemu ya usalama kama ilivyo pamba yenye spiriti.

Visivyodungwa kwa namna yoyote

Kabla ya hatua yenyewe, kuna vitu ambavyo hakuna mbinu inayoweza kuvifanya salama. Mafuta ya kuvimbisha msuli mahali pamoja, yale ambayo watu hujaza kwenye mkono ili uonekane mnene, hayafyonzwi upesi na mwili. Hubaki ndani, huzungukwa na makovu magumu, huweza kutunga usaha, na wakati mwingine daktari wa upasuaji hulazimika kukata msuli pamoja nayo. Vidonge vilivyosagwa na kuchanganywa na maji havidungwi, kwa sababu vina chaki na gundi ambazo hazikukusudiwa kuingia katika nyama wala damu. Insulini nayo, ambayo baadhi ya wenzetu huitumia kwa ajili ya kujaza misuli, inaweza kushusha sukari ya damu hadi mtu akazimia na kufa akiwa usingizini, na mwenzako wa mazoezi si mtu wa kukupangia kipimo chake. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu sindano ya msuli tu, na hasa dawa za mafuta.

Kuandaa vifaa

Pata kila kitu kabla ya kuanza, ukipange juu ya sehemu iliyofutwa na kukauka, ili mkono wako usilazimike kutafuta chochote sindano ikiwa wazi. Unahitaji bomba jipya la kushikia dawa, sindano mbili mpya, vipande viwili au vitatu vya pamba yenye spiriti ya asilimia 70, shashi kavu iliyo safi, na chombo kigumu cha kutupia sindano. Chagua bomba ambalo sindano hufungwa kwa kuzungushwa badala ya kusukumizwa tu, kwa kuwa mafuta ni mazito na nguvu ya kuyasukuma huweza kuchomoa sindano iliyobanwa vibaya, dawa ikamwagika usoni. Kifungashio cha bomba na cha sindano kiwe kizima, kisiwe kimelowa wala kutoboka, na tarehe ya mwisho wa matumizi iwe haijapita.

Sindano mbili si anasa. Ya kwanza ni ya kuvutia dawa, na ya pili ni ya kuchoma. Sindano iliyopita katika kizibo cha mpira hupoteza makali ya ncha, na ukiichoma mwilini inachana nyama badala ya kupenya, na vilevile hubeba mafuta kwa nje ambayo huwasha njia nzima inayopita. Sindano hupimwa kwa geji, na geji ikiwa kubwa sindano huwa nyembamba zaidi, jambo ambalo huwachanganya wengi. Rangi ya kitako cha plastiki husaidia: ya waridi ni geji 18, ya kijani ni geji 21, ya buluu ni geji 23, na ya machungwa ni geji 25. Kwa kuvuta mafuta tumia geji 18 au 21, na kwa kuchoma tumia geji 23, au 25 ikiwa mafuta ni mepesi na una subira. Urefu wa sindano ya kuchoma hutegemea unene wa mafuta ya mwili juu ya msuli: milimita 25 hutosha kwa bega na kwa paja la mtu aliyekauka, yaani asiye na mafuta mengi mwilini, lakini kwenye nyonga na tako watu wengi huhitaji milimita 38, kwa kuwa dawa ikibaki katika mafuta ya chini ya ngozi haifyonzwi vizuri na huacha uvimbe mgumu unaouma kwa muda mrefu.

Bomba na sindano hutumika mara moja kisha hutupwa. Kuvichemsha, kuvisuuza kwa spiriti au kuvipitisha kwenye moto hakuvirudishii usafi. Kamwe usishirikiane na mtu, hata ndugu yako wa damu, na neno hilo linahusu pia kichupa cha dawa, jambo ambalo watu wengi hulisahau. Mkichangia kichupa kimoja na mmoja wenu akaingiza humo sindano aliyokwisha kujichomea, ameweka damu yake ndani ya dawa ya wote. Watafiti wamekuta virusi vya homa ya ini aina ya C vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza ndani ya mabomba yaliyotumika hadi siku 63 baadaye, na virusi vya homa ya ini aina ya B huishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Damu inayotosha kuambukiza ni ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Dhidi ya aina ya B kuna chanjo, ambayo kwa kawaida hutolewa mara tatu katika miezi sita, na yeyote anayejidunga anapaswa kuwa ameipata. Dhidi ya aina ya C hakuna chanjo, ingawa sasa kuna vidonge vinavyoitibu ikapona kabisa, mara nyingi kwa majuma 8 hadi 12.

Iwapo bei au aibu ndiyo inayokuzuia kununua sindano mpya, uliza kama kuna kituo kinachotoa sindano safi bila malipo karibu nawe. Katika nchi kama Uingereza na Australia, vituo vya namna hiyo vilivyoanzishwa kwa ajili ya watumiaji wa dawa za kulevya leo huhudumia watunisha misuli wengi, na wahudumu wake hawashangai wala hawaulizi kwa nini.

Kukagua dawa

Inua kichupa kwenye mwanga, kigeuze polepole, na utazame. Dawa ya mafuta inapaswa kuwa angavu, isiyo na chembe zinazoelea, uzi, ukungu wala tabaka. Kizibo kiwe kimekaa sawa, na lebo iseme jina la dawa, kiasi kwa kila mililita, namba ya toleo na aina ya mafuta yaliyotumika. Aina ya mafuta si jambo dogo: testosteroni enantati mara nyingi huwekwa katika mafuta ya ufuta, testosteroni sipionati katika mafuta ya mbegu za pamba, na baadhi ya matoleo ya nandroloni katika mafuta ya karanga, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga asiguse dawa ambayo hajui imeyeyushwa katika nini.

Nalazimika kusema wazi kwamba macho hayawezi kuona bakteria. Dawa iliyotengenezwa katika jiko la mtu na kubandikwa lebo ya kupendeza inaweza kuwa angavu kama maji ya chemchemi na bado ikawa na vijidudu, ikawa na homoni tofauti na iliyoandikwa, au isiwe na homoni kabisa. Usafi wako wa mikono hauwezi kusafisha kilichochafuka kilipotengenezwa. Kwa sababu hiyo dawa iliyotoka duka la dawa kwa cheti cha daktari iko katika daraja lake peke yake, na nyingine zote ni kubahatisha.

Kichupa chenye kizibo cha mpira kilichotengenezwa kwa matumizi ya mara nyingi hutupwa siku 28 baada ya kutobolewa mara ya kwanza, isipokuwa mtengenezaji ameandika vinginevyo, basi andika tarehe juu yake siku unayokifungua. Ampuli ya kioo, yaani kichupa kisicho na kizibo ambacho hufunguliwa kwa kuvunjwa shingo, ni ya mara moja tu. Ukiivunja, izungushie shashi shingoni, ivunje kuelekea upande ulio mbali nawe, na kinachobaki kimwage. Vipande vidogo vya kioo huingia ndani wakati wa kuvunja, kwa hiyo ukiweza kupata sindano yenye kichujio, itumie kuvutia, kisha uibadilishe.

Kuchagua mahali

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asiharakishe, kwa maana usaha hupona, lakini neva iliyotobolewa huenda isirudi. Jambo bora kuliko maandishi yoyote ni kumwomba muuguzi akuonyeshe mara ya kwanza juu ya mwili wako mwenyewe, akuwekee alama kwa kalamu, nawe upapase mifupa ya kuongozea hadi vidole vyako viijue gizani.

Pembeni mwa nyonga ndipo mahali ninapopapendekeza kuliko pengine pote, kwa kuwa msuli ni mnene na hakuna neva kubwa wala mshipa mkubwa wa damu unaopita hapo. Tafuta alama tatu za mfupa. Ya kwanza ni kifundo cha mfupa wa paja kinachotokeza pembeni, ambacho utakisikia kikizunguka chini ya kiganja ukiuchezesha mguu ndani na nje. Ya pili ni ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, ile inayochomoza upande wa mbele chini ya kiuno. Ya tatu ni ukingo wa juu wa mfupa huohuo, ukiufuata kutoka ile ncha kuelekea nyuma hadi usawa wa ubavu. Alama hizo tatu hufanya pembetatu, na katikati ya pembetatu ndipo pa kuchoma.

Upande wa nje wa paja ni rahisi kuliko pengine pote kwa anayejidunga peke yake, kwa sababu anaona anachokifanya na mikono yote miwili inafika. Gawa umbali kati ya kile kifundo cha pembeni na goti katika sehemu tatu zilizo sawa, uchukue sehemu ya kati, na uchome upande wa nje, si juu katikati ya paja na kamwe si upande wa ndani, ambako mishipa mikubwa hupita. Paja huuma baadaye kuliko nyonga, na anayekimbia au kuchuchumaa na vyuma ataisikia kwa siku mbili.

Tako limezoeleka kwa sababu watu wameliona likichomwa tangu utotoni, lakini mimi silipendi kwa mtu anayejidunga. Neva kubwa ya siatiki, nene kama kidole, hupita ndani yake, na anayejipinda kujitazama nyuma kwenye kioo hupoteza vipimo kwa urahisi. Ukilazimika, ligawe tako moja katika robo nne na uchome robo ya juu iliyo upande wa nje tu, tena sehemu yake ya juu, karibu na mfupa wa nyonga. Bega nalo lina nafasi ndogo: upana wa vidole viwili hadi vitatu chini ya mfupa wa juu wa bega, katikati ya msuli, na si zaidi ya mililita 1. Kwa paja usizidishe mililita 2, na kwa nyonga mililita 3. Misuli ya kifua, ya mbele na ya nyuma ya mkono wa juu, na ya shavu la mguu, ambayo baadhi huichoma kwa kuamini kwamba itakua zaidi, ina neva na mishipa iliyo karibu mno, na homoni iliyoingia hapo huenda katika damu na kusambaa mwili mzima kama iliyoingia kwingine kokote.

Zungusha mahali, kulia na kushoto, ili kila sehemu ipumzike angalau juma moja hadi mawili, na uandike katika daftari tarehe, upande na kiasi. Usichome penye kovu, uvimbe, jeraha, chunusi, ngozi iliyowashwa wala penye maumivu yaliyobaki.

Kuvuta dawa

Oga kwanza, hasa ukitoka mazoezini, kwa kuwa jasho hubeba bakteria wa ngozi hadi mahali utakapotoboa. Wanaonyoa mwili kwa ajili ya mashindano wasinyoe siku hiyo mahali pa kuchoma, kwani wembe huacha michubuko isiyoonekana, na mafuta ya kung'arisha ngozi yaoshwe yote. Kisha osha mikono kwa maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, ukisugua kati ya vidole na chini ya kucha, na uikaushe kwa karatasi au taulo safi.

Mafuta yakiwa baridi huwa mazito, basi shika kichupa kiganjani dakika chache hadi kipate joto la mwili. Usikiweke motoni wala katika maji yanayochemka. Futa kizibo cha mpira kwa pamba yenye spiriti na uache kikauke chenyewe, kwa sababu spiriti huua vijidudu inapokauka, na kuipuliza kwa mdomo ni kurudisha vijidudu vilevile ulivyovifuta. Funga sindano ya kuvutia, vuta hewa ndani ya bomba kiasi kilekile cha dawa unayoihitaji, toboa kizibo, sukuma hewa hiyo ndani, geuza kichupa juu chini na uvute dawa polepole, ncha ikiwa imezama. Gonga bomba kwa ukucha ili mapovu yapande, yasukume nje, na uhakikishe kipimo. Povu dogo lililobaki halina hatari katika msuli, kwa hiyo usisumbuke nalo hadi ukachafua sindano.

Sasa badilisha sindano. Iliyovutia iende moja kwa moja katika chombo kigumu, na mpya ifungwe bila kuguswa popote isipokuwa kwenye kitako chake. Ikigusa meza, nguo, kidole au hata upande wa nje wa kifuniko chake, itupe. Nasisitiza hilo kwa moyo wote: sindano moja zaidi ni hasara ndogo kuliko zote utakazokutana nazo katika jambo hili.

Kuchoma

Kaa au lala. Wanaume wenye nguvu za kuinua mizigo mizito huzirai mbele ya sindano kama watu wengine wote, na aliyesimama anaweza kuanguka sindano ikiwa mwilini. Kwa paja, keti mguu ukiwa umelegea. Kwa nyonga, lala ubavu na ukunje kidogo goti la mguu wa juu. Msuli uliokazwa huuma zaidi na husukuma dawa nje.

Futa ngozi kwa pamba yenye spiriti, ukianzia katikati na kuzunguka kwenda nje, na usubiri sekunde 30 ikauke kabisa. Ukichoma ngozi ikiwa bado na unyevu wa spiriti, itakuunguza ndani. Baada ya kufuta, usipapase tena mahali hapo.

Kwa ukingo wa mkono usioshika bomba, vuta ngozi pembeni sentimita 2 au 3 na uishikilie hivyo mpaka mwisho. Maana yake ni kwamba ukiiachia baadaye, tundu la ngozi na tundu la msuli havitakuwa tena katika mstari mmoja, na mafuta hayatapata njia ya kurudi nje. Shika bomba kama unavyoshika kalamu, na uingize sindano kwa pembe ya digrii 90, kwa mwendo mmoja thabiti usio wa haraka wala wa kusitasita, ukiacha sehemu ndogo ya chuma nje.

Vuta pistoni, kile kijiti cha kusukumia dawa ndani ya bomba, kidogo na usubiri sekunde 5 hadi 10 uone kama damu itaingia. Shirika la Afya Duniani halitaki tena jambo hili lifanyike kwa chanjo, kwa kuwa chanjo huchomwa mahali pasipo na mishipa mikubwa, na najua wapo wanaoliona kuwa limepitwa na wakati. Kwa dawa ya mafuta mimi bado ni katika wanaolitaka, kwa sababu mafuta yakiingia katika mshipa husafiri hadi mapafuni. Ukiona damu, chomoa, tupa vyote pamoja na dawa iliyomo, na uanze upya mahali pengine. Kuvuta pistoni kwa mkono mmoja huku wa pili umeshikilia ngozi si kazi ya kujifunza ukiwa na sindano pajani, basi jizoeze kwanza kwa bomba tupu lisilo na sindano hadi vidole vizoee.

Pasipo damu, sukuma polepole, sekunde 10 kwa kila mililita moja. Haraka hupasua nyuzi za msuli na ndiyo asili ya maumivu mengi yanayolaumiwa kwa dawa. Wakati wowote ukisikia mshtuko kama wa umeme unaokimbia mguuni au mkononi, au ganzi ya ghafla, acha na uchomoe mara moja, wala usijaribu kusogeza sindano ikiwa ndani. Dawa ikiisha, subiri sekunde 10, chomoa kwa pembe ileile uliyoingilia, kisha achia ngozi.

Bonyeza kwa shashi kavu dakika moja au mbili bila kusugua. Usirudishe kifuniko kwenye sindano, kwani ndipo watu hujichoma vidole. Iangushe pamoja na bomba katika chombo kigumu cha plastiki chenye mfuniko, kisichotobolewa na sindano, na kikifika robo tatu kifunge na ukipeleke kituo cha afya au duka la dawa linalopokea taka hizo. Anayezoa taka zako ana watoto kama wewe, na mfuko wa plastiki haumkingi.

Kutambua hatari mapema

Maumivu ya kawaida huanza siku ileile au kesho yake, hufanana na ya msuli uliofanyishwa kazi, na hupungua kadiri siku zinavyopita. Yanayoongezeka baada ya siku ya tatu si ya kawaida. Vitabu husema tazama wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane; utaona mahali pamekuwa peusi zaidi au pa zambarau, pamekaza na kung'aa. Tumaini kiganja chako: linganisha joto la upande huo na upande wa pili, na uchore kwa kalamu ukingo wa uvimbe. Uvimbe ukivuka mstari huo baada ya saa kadhaa, au ukipata homa, baridi ya kutetemeka, michirizi inayopanda kutoka mahali pa sindano, au uvimbe unaobonyea kama una maji ndani, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usilikamue jipu, usilitoboe, na usinywe mabaki ya antibiotiki za mtu mwingine, maana dawa isiyofaa hupunguza homa huku usaha ukiendelea kuchimba.

Kikohozi cha ghafla sekunde chache baada ya sindano, pamoja na kifua kubana, ni dalili kwamba mafuta kidogo yameingia katika damu na kufika mapafuni. Keti wima na upumue taratibu, mtu mwingine akiwa karibu. Mara nyingi hupita baada ya dakika kadhaa, lakini pumzi ikiendelea kuwa fupi, kifua kikiuma au midomo ikibadilika rangi, ita gari la wagonjwa. Vivyo hivyo midomo au koo kuvimba na vipele kutapakaa mwilini. Mguu unaoburuta, kidole gumba cha mguu kisichoinuka au ganzi isiyoisha huhitaji daktari bila kungoja juma lipite.

Ikiwa uliwahi kuchangia sindano au kichupa, hata mara moja, hata miaka iliyopita, pima VVU na homa ya ini aina ya B na C. Ikiwa ilitokea jana au juzi, zipo dawa za kuzuia VVU baada ya hatari, lakini lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa unayoiwahi ni faida.

Ukifika hospitali, mwambie daktari ukweli wote: jina la dawa, siku uliyodunga, mahali, kiasi, na ilikotoka. Kijana wa chumba cha vidonda alituambia kwanza kwamba alianguka kwenye vyuma, tukapoteza saa nne tukitafuta mfupa uliovunjika huku homa yake ikipanda. Chukua kichupa chenyewe, hata kama ni kitupu, kiweke katika mfuko safi, ukikabidhi pamoja na daftari lako la tarehe na pande, kwa kuwa maabara inaweza kuotesha bakteria kutoka katika matone yaliyobaki na kujua ni dawa gani itakayowaua.